Mweusi Atakufa Saa Ngapi? Tuzo Zangu kwa Waigizaji Weusi wa Hollywood

Shikamooni wazee wangu, na vijana mambo vipi. Asanteni sana kwa kuja maana najua leo kuna mechi na kuna watu hapa mwili uko kwenye kiti ila moyo uko uwanjani, ntajitahidi nisiwaweke sana.

Wangapi hapa wamekulia kibanda umiza? Nyoosheni mikono bana msione aibu. Eeeh, naona hadi wazee. Mimi nimekulia Temeke na kibanda chetu kilikuwa cha mabati, mabenchi ya mbao, tivii moja ya chogo imewekwa juu huko kama imefungiwa isiibiwe, na joto la mle ndani unatoka umelowa kama umetoka kuoga. Mle ndani kulikuwa na sheria moja ambayo haijaandikwa popote ila kila mtoto anaijua: steringi hafi. Maadui watapiga risasi mia mbili, zote zinapita pembeni, steringi hafi. Halafu kulikuwa na sheria ya pili, hii tuliigundua wenyewe, kwamba yule rafiki wa steringi, yule mweusi mcheshi mwenye maneno mengi, yeye haoni asubuhi. Kwa hiyo muvi ikianza tu na mweusi akitokea, kuna mtu nyuma kule anauliza "huyu mweusi atakufa saa ngapi?" basi watu tunaanza kuwekeana dau, mmoja anaweka andazi, mwingine kashata, na mimi nilikuwa nakula sana maandazi ya watu maana nilishajua ukiona ameanza kuonyesha picha ya mke wake na watoto, hapo hana hata dakika tano.

Tulicheka sana jamani. Ila kuna siku, nimeshakua kidogo, nikaangalia mle ndani. Anayekusanya hela mlangoni mweusi. Anayetafsiri, maana enzi zile tulikuwa na mikanda yenye sauti ya marehemu Lufufu, mweusi. Sisi wote kwenye mabenchi weusi. Na wote tunapiga makelele mzungu asife, halafu yule aliyekufa amefanana kabisa na mjomba wangu, yaani hadi namna ya kushika kiuno. Ile siku nilirudi nyumbani nikawa namwangalia mjomba anakula ugali nikasikia vibaya sana.

Kwa hiyo leo nimekuja kutoa tuzo. Sanamu la dhahabu sina, zulia jekundu sina, nina mdomo na hii laptop. Na tutacheka, msijibane, kwa sababu wengi wa hawa walikuwa mafundi wa kuchekesha na walitaka tucheke. Ila tuwacheke vile unavyomcheka babu yako akisimulia alivyokimbizwa na tembo, unacheka huku unampenda na unajua kabisa asingekimbia vizuri wewe usingezaliwa.

Tuzo ya kwanza inaitwa Mtu Aliyesafiri Mbali Zaidi Kwenda Kufa, na mshindi ni Scatman Crothers, muvi ni The Shining ya mwaka 1980. Nani ameiona? Basi wale ambao hamjaiona nisikilizeni vizuri. Huyu mzee ni mpishi wa hoteli moja iko milimani huko Colorado, hoteli inafungwa wakati wa baridi, inabaki familia moja ya kizungu kuilinda, baba, mama na mtoto. Mzee yuko zake likizo Miami, yuko kitandani anaangalia tivii, kuna joto, maisha mazuri. Huyu mtoto ana kipaji cha kuongea na watu kwa akili bila simu na mzee naye anacho, sasa mtoto akiwa kwenye shida mzee anasikia. Mtu wa kawaida angesema Mungu awasaidie akageuka upande wa pili. Mzee anapiga simu, haziingii. Anapanda ndege Miami mpaka Denver. Anakodi gari. Barabara zimejaa theluji, anampigia rafiki yake mwenye gereji anaomba lile gari la theluji lenye minyororo kama kifaru, anapewa, anaendesha usiku kwenye dhoruba mlima mzima. Na dairekta anatuonyesha hiyo safari kipande kwa kipande, unaona ndege, unaona gari, unaona theluji, unasema haya sasa mkombozi huyo anakuja. Anafika, anafungua mlango, anaingia anaita "kuna mtu humu?" na yule baba aliyechanganyikiwa anatokea nyuma ya nguzo, shoka la kifua. Basi. Amekwisha. Nauli yote ile jamani!

Na kwenye kitabu kilichozaa hiyo muvi huyo mpishi anapona. Ni kwenye muvi ndio waliona afe.

Sasa nisikilizeni hapa maana ndio sababu nimempa tuzo. Mwisho wa muvi mama na mtoto wanaokoka, si ndio? Wanaokoka na nini? Na lile gari la theluji. La kwao lilishaharibiwa na baba, wanapanda alilokuja nalo mzee wa watu wanashuka nalo mlima. Yaani ukimtoa Scatman Crothers kwenye ile stori wote wamekufa kwa baridi au kwa shoka. Steringi wa ile muvi ni mpishi, sema hakuna aliyemwambia. Na yule mzee alikuwa na umri wa karibu miaka 70 wakati wanapiga ile muvi, na dairekta alikuwa anajulikana kwa kurudisha sini moja mara nyingi mpaka watu wanalia, na ukimwangalia Crothers anavyoongea na yule mtoto pale jikoni mwanzoni, ule upole, anavyoinama ili macho yao yawe sawa, unaona babu kabisa. Hakuna skripti inayomfundisha mtu kuinama vile.

Hizi nyingine ntazipitisha haraka. Tuzo ya Kupumua inaenda kwa Joe Morton, Terminator 2, 1991. Ameshapigwa risasi, yuko chini, ameshika kitu kizito juu ya kile kifaa cha kulipulia jengo, akiachia tu linalipuka, na anapumua. Haongei sana, anapumua tu, kila pumzi fupi kuliko ya nyuma, na wale polisi waliompiga anawapa nafasi watoke wakimbie. Kibanda kizima kilikuwa kinapumua naye, mimi nakumbuka. Sijui kama kuna mtu amewahi kufa vizuri hivyo kwenye muvi.

Samuel L. Jackson nampa tuzo mbili. Ya kwanza ni ya Mkono, Jurassic Park 1993, maana anatumwa kuwasha umeme na sisi tunakuja kuonyeshwa mkono tu. Kifo chenyewe kilitakiwa kipigwe, kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa aende Hawaii kukipiga, kimbunga kikaja kikabomoa seti, ikaisha hivyo, tumebaki na mkono. Ya pili ni ya Hotuba, Deep Blue Sea 1999, amesimama pembeni ya maji anawapa watu moyo, hotuba inapanda, inapanda, unasikia kabisa huyu ndio kiongozi sasa, papa anaruka anamchukua katikati ya sentensi. Ila kwenye muvi hiyohiyo kuna mpishi mweusi, LL Cool J, ambaye anasema kwa sauti kwamba watu kama yeye huwa hawatoki salama kwenye hali kama hizi. Na anatoka! Alijificha mpaka ndani ya oveni na akatoka. Siku ile kibandani watu tulikosa maandazi yote, dau zote zilikufa, na tulishangilia kuliko siku ya mpira.

Duane Jones lakini simpitishi haraka. Night of the Living Dead, 1968. Huyu alikuwa steringi kweli, tena nafasi yenyewe haikuandikwa kwa ajili ya mtu mweusi, dairekta alimchukua kwa sababu kwenye majaribio alikuwa bora kuliko wengine. Usiku kucha anapigana na wafu wanaotembea, anapigilia mbao madirishani, ndio mwenye akili timamu kwenye ile nyumba nzima. Kunakucha, amebaki yeye peke yake, anasogea dirishani kuwaona waokoaji. Waokoaji wanampiga risasi wanadhani naye ni mfu. Mwaka 1968, mwaka ambao Martin Luther King aliuawa kwa risasi Memphis, mtu mweusi alikaa kwenye ukumbi wa sinema Marekani akaona hilo. Hapa sina la kuchekesha, nilitaka tu jina lake litajwe humu ndani. Duane Jones.

(Ukumbi: Duane Jones!)

Asanteni.

Sasa kwa nini ilikuwa hivi? Hela. Studio zilitaka kuuza mikanda yao kila jimbo na majimbo ya kusini kulikuwa na ubaguzi wa kisheria, wenye kumbi hawataki kuona mweusi ambaye hajabeba sinia. Lena Horne, dada mzuri na sauti ile, studio ilikuwa inampiga sini zake pembeni peke yake, anaimba ameegemea nguzo, ili mkanda ukifika kusini wakate kipande chake na stori isiharibike. Na Bill Robinson alipocheza ngazini na Shirley Temple mwaka 1935, mzee wa watu na mtoto mdogo wameshikana mikono wanacheza, huko kusini walikata. Yaani hata mtoto!

Kwa hiyo milango iliyobaki ni mtumishi, yaya, mvivu, na yule anayetoa macho akiona mzimu. Willie Best alivyoanza kazi kwenye orodha ya majina hawakumwandika Willie Best, walimwandika jina ambalo kwa Kiswahili ni Lala Ule. Fikiria mama yako amekuja kuangalia muvi anasubiri jina la mwanae, anasoma Lala Ule.

Na Lincoln Perry, ambaye dunia inamjua kwa jina la Stepin Fetchit. Huyu alijenga uhusika wa mtu mvivu kuliko wote duniani, anaburuta miguu, anaongea kama amelala. Anatajwa kuwa muigizaji mweusi wa kwanza kuwa milionea na nje ya kamera alikuwa anaandika makala kwenye gazeti la weusi la Chicago Defender, mtu wa kusoma. Weusi wengi walimkasirikia na nawaelewa kabisa, kwa sababu watoto wa kizungu waliamini sisi wote tuko vile. Ila mimi ninapomwangalia najaribu kumwangalia na macho ya mtu aliyelelewa na hadithi za Abunuwasi. Bwana anamtuma kitu. Anaitikia ndio bwana. Anaanza kutembea. Dakika inapita bado hajafika, bwana anachoka, bwana anaenda kuchukua mwenyewe. Jamani si mgomo baridi huo! Babu zetu mashambani wameufanya sana, jembe linanyanyuka polepole na msimamizi anaona huyu mjinga, kumbe mwenye akili ni nani. Na sinema nzima ilikuwa inasimama kumsubiri yeye. Sisemi madhara hayakuwepo, yalikuwepo na makubwa, nasema tu kwamba ule mwendo alikuwa anaumiliki yeye, fundi.

Sasa Hattie McDaniel. Hapa nikae kidogo.

Wazazi wake wote wawili walizaliwa utumwani. Yeye amezaliwa 1893, Kansas. Amecheza mtumishi mara nyingi kiasi kwamba watu waliohesabu wanasema ni zaidi ya mara 70. Gone with the Wind, muvi aliyocheza yaya, inazinduliwa Atlanta Desemba 1939, yeye hakwenda, sheria za ubaguzi za jimbo lile la Georgia zisingemruhusu kukaa na wenzake. Februari 1940 anapewa Oscar kwa nafasi hiyo, mtu mweusi wa kwanza kabisa kuipata, sherehe iko hoteli ya Ambassador pale Los Angeles na hoteli haipokei weusi, ikabidi prodyuza aombe kama msaada aruhusiwe kuingia, wakamwekea meza ndogo pembeni ukutani mbali na wenzake. Anatembea kutoka ukutani mpaka mbele, anapewa kibao, maana wakati ule waigizaji wasaidizi walipewa kibao sio sanamu, anashukuru kwa machozi, anarudi ukutani.

Weusi wenzake nao walimsema, NAACP, chama cha kutetea haki za weusi Marekani, kilimsema kwamba anatuaibisha na hizo nafasi za yaya. Kuna jibu lake linasimuliwa mpaka leo, kwamba bora nilipwe dola 700 kwa wiki kumuigiza mtumishi kuliko kulipwa dola 7 kuwa mtumishi. Mimi mama yangu amefanya kazi za ndani kwa watu miaka tisa, hilo jibu nililielewa kabla sijamaliza kulisoma.

Na tuache siasa tuangalie kazi. Kuna sini kwenye Gone with the Wind anapanda ngazi na mama mmoja wa kizungu anaitwa Melanie, mtoto wa mwenye nyumba amekufa na yeye anamweleza jinsi baba alivyopagawa. Anapanda ngazi, ni mama mnene amevaa magauni mazito, anaongea maneno mengi, analia, na kamera inawafuata tu kwa muda mrefu bila kukata. Nendeni nyumbani mjaribu kupanda ngazi huku mnalia na mnaongea sentensi ndefu pumzi isikatike. Mimi nilijaribu kwenye ngazi za flati ya dada yangu, ghorofa ya kwanza tu nikawa hoi, majirani wakatoka kuuliza nani kafiwa.

Alivyokufa 1952 aliomba azikwe makaburi ya Hollywood, wakakataa kwa rangi yake. Kile kibao alikiusia chuo kikuu cha Howard, kikapotea. Mwaka 2023 ndio wamewapa Howard kingine. Miaka 83 tangu apewe kile cha kwanza. Na mwaka 2012 Octavia Spencer amepata Oscar, mnajua kwa nafasi gani? Mfanyakazi wa ndani. Lupita wetu 2014 ameipata kwa nafasi ya mtumwa, na amesimulia mwenyewe kwamba baada ya ile tuzo zikaja ofa za kucheza mtumwa tena. Halafu wakampa muvi kubwa za sauti tu, uso hauonekani, uso ule jamani!

Tuzo ya Kupandishwa Cheo inaenda kwa Robert Guillaume. Mnamjua hata kama hamjui. Alianza 1977 kwenye tamthilia ya Soap kama Benson, mtumishi wa nyumbani, ila mtumishi mwenye ulimi, kengele ya mlango inalia anawaangalia mabosi kama anauliza nyie miguu hamna? Watu wakampenda wakampa tamthilia yake mwenyewe, akatoka mtumishi, akapanda, akapanda, mpaka naibu gavana wa jimbo, misimu saba. Mwishoni anagombea ugavana wenyewe dhidi ya bosi wake, usiku wa matokeo wako wote wawili mbele ya tivii, mtangazaji anataka kumtaja mshindi, picha inaganda, tamthilia imeisha hapo milele. 1986. Mimi nimeamua alishinda na nikikutana na anayebisha tutasutana. Na huyohuyo Guillaume ndiye sauti ya Rafiki kwenye The Lion King ya 1994, yule nyani mwenye fimbo anayeimba asante sana. Watoto wetu wamemcheka miaka yote hiyo bila kujua huyo ni gavana.

Na ya Kiswahili haswa ni ya Nichelle Nichols. Star Trek, 1966, yuko kwenye chombo cha anga anaitwa Uhura, jina limetoka kwenye neno letu uhuru. Kazi yake wiki kwa wiki ilikuwa kuvaa kile kitu cha sikioni na kusema masafa yako wazi, kapteni. Basi. Akachoka, akaandika barua ya kuacha. Anasimulia mwenyewe alivyokutana na Martin Luther King siku hizohizo, King akamwambia usithubutu, hiyo ndio tamthilia mimi na mke wangu tunawaruhusu watoto wakae macho kuiangalia. Akabaki. Na kuna sehemu ya 1967 mashine inamfuta akili yote, wanamfundisha kusoma upya kama mtoto wa chekechea, na kila akikwama kwenye Kiingereza anarudi kwenye Kiswahili. Mwaka 1967, tivii ya Marekani! Baadae miaka ya 70 NASA wakamtumia kutafuta wanaanga wanawake na weusi, na Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani, 1992, alikuwa akianza zamu yake huko juu anasema maneno yaleyale ya Uhura. Masafa yako wazi. Sentensi moja hiyo, iliyoonekana haina kitu.

Hata Jomo Kenyatta mlikuwa mnajua amecheza muvi? Yuko London anasoma, hela ya mwanafunzi mnaijua, akachukua kibarua cha kuwa chifu mmoja pembeni kwenye Sanders of the River, 1935, Paul Robeson akiwa mkubwa wa mle ndani. Robeson aliingia akidhani wanaonyesha utamaduni wa Afrika, walipomaliza kukata na kuunganisha ikawa muvi ya kusifia ukoloni, akaikana kabisa. Kenyatta yeye alirudi kwao na mnajua aliishia wapi, kwa hiyo mtu aliyesimama pembeni na mkuki muangalieni vizuri.

Haya kijana wa mitambo, zima taa tuweke kipande cha mwisho. Hii ni ya 1945, muvi za mpelelezi wa Kichina ambaye, na hili linaniuma pia, anaigizwa na mzungu aliyepakwa vipodozi. Mweusi ni dereva wake, Mantan Moreland, kazi yake aliyopewa ni kuogopa. Sasa anakutana na rafiki yake, Ben Carter, na wanapiga stori, na hakuna sentensi hata moja inayomalizwa, huyu anaanza "unamkumbuka yule..." mwenzie anadaka "aah yule si alihamia..." "hapana, pale alishatoka, sasa hivi yuko..." "ehee, na anafanya kazi na..." na wanaelewana kabisa na kucheka, na mpelelezi na wazungu wote wamebaki nje ya maongezi. Ni kama mama zetu wawili wakikutana sokoni. Kaeni vizuri wa nyuma msogee mbele mnaona nafasi zipo, mpelelezi atakuwa hapo na wazungu wengine, msihangaike nao. Macho kwa dereva.